Usiizike friji kabla ya kuipima

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wenye friji, hasa wale ambao friji zao zimeanza kuzeeka na kila mgeni anayepita anatoa hukumu yake: huyu anasema tengeneza, yule anasema tupa ununue mpya. Joto la Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi ndilo linaloumbua friji iliyochoka. Maziwa yanachacha, maji hayapoi, LUKU, umeme wa kulipia kabla, inakata kabla ya siku yake. Fundi anaitwa, anagusa kompresa, ile pampu ya kuzungusha gesi iliyo nyuma chini, kwa kiganja, anasema "kompresa imekufa" au "gesi imeisha", na uamuzi wa laki kadhaa unapitishwa ndani ya dakika tano bila kipimo hata kimoja.

Sisi ni watu wa kazi hii. Hukumu hizo mbili ndizo zinazopeleka jalalani friji nyingi ambazo bado ni nzima, na ndizo hizohizo zinazowafanya wengine wamwage fedha kwenye friji iliyostahili kuachwa siku nyingi. Umri wa friji hautoshi kuamua. Kinachoamua ni ugonjwa wenyewe, umeme inaokula, na hali ya bodi lake, yaani kuta zake na povu la kuzuia joto lililo ndani yake. Yote matatu hupimika, na sehemu kubwa ya vipimo hivyo mwenye friji anaweza kuvifanya mwenyewe.

Tuanze na umeme. Zima kila kitu nyumbani, iache friji peke yake, na ungoje ianze kunguruma. Nenda kwenye mita ya LUKU. Kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 imp/kWh, maana yake inapepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja. Shika saa ya simu, hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, utapata wati. Sekunde 36 ni wati 100; sekunde 24 ni wati 150. Mita ikiwa imeandikwa 1600, jibu uligawanye tena kwa 1.6. Baada ya hapo andika saa friji inapowaka na inapozima kwa muda wa saa tatu hivi, mlango ukiwa haufunguliwi. Friji yenye afya, kwenye joto la Pwani, hunguruma kama nusu ya muda na nusu nyingine hupumzika.

Sasa tupige hesabu. Chukua friji ya zamani ya milango miwili inayovuta wati 130. Ikifanya kazi nusu ya muda inakula uniti 1.56 kwa siku, karibu 47 kwa mwezi. Friji hiyohiyo ikinguruma mfululizo bila kupumzika inakula uniti 3.12 kwa siku, karibu 94 kwa mwezi. Mteja wa nyumbani wa tarifa D1 ya TANESCO hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi matumizi yake yasizidi 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Kwa hiyo friji moja isiyopumzika inatosha kuitoa familia kwenye unafuu huo hata kama nyumba nzima haina pasi wala televisheni. Kwa aliye tarifa T1, ile ya matumizi ya kawaida, ambaye kwa kodi na tozo hulipa kama shilingi 356, tofauti ya uniti 47 ni zaidi ya shilingi 16,700 kila mwezi.

Hapo ndipo muuza duka anaposema friji mpya itajilipa yenyewe kwa umeme. Tumfuate na hesabu yake. Friji mpya ya ukubwa huo, tuseme inavuta wati 80 kwa nusu ya muda, itakula uniti 29 kwa mwezi. Ukiilinganisha na ile inayonguruma mfululizo, unaokoa uniti 65, zaidi ya shilingi 23,000 kwa mwezi, na friji ya shilingi 800,000 itajilipa ndani ya miaka mitatu. Lakini ukiilinganisha na ile ya zamani iliyotibiwa ikarudi kwenye uniti 47, unaokoa uniti 18 tu, kama shilingi 6,400 kwa mwezi, na friji mpya itahitaji zaidi ya miaka 10 kujilipa. Ndiyo maana tunasema tibu kwanza, pima tena, halafu ndipo ulinganishe. Anayelinganisha friji mpya na friji mgonjwa anajidanganya kwa uniti 47.

Friji isiyopumzika, mara nyingi ugonjwa wake ni wa bei ndogo. Wa kwanza kabisa ni raba ya mlango. Chukua noti ya shilingi 1,000, ibane mlangoni nusu ndani nusu nje, funga, ivute. Ikitoka bila kukataa, hapo raba haikamati. Rudia kila kiganja kimoja kuzunguka mlango mzima. Usiiache kona ya chini upande wa bawaba, maana ndiko raba inakoanza kulegea. Usiku weka tochi ya simu ndani ikiwa inawaka, zima taa za jikoni, utaona mwanga ukichungulia. Hewa ya Pwani imejaa unyevu, na kila inapopenya inaganda kuwa barafu juu ya sehemu inayopoza, na barafu hiyo inakuwa blanketi linalozuia ubaridi usifike kwenye chakula.

Raba chafu ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hadi ndani ya mikunjo, ikaushwe, upande wa bawaba upakwe mafuta mepesi ya mgando. Iliyopinda ichomolewe. Nyingi zimechomekwa tu kwenye mfereji, nyingine zimeshikwa na skrubu zilizofichwa chini ya ukingo wake; iloweke kwenye maji ya moto yasiyochemka dakika 5 hadi 10, uinyooshe mezani, uirudishe. Iliyochanika ibadilishwe. Kama ya modeli yako haipatikani, kuna raba inayouzwa kwa mita: inakatwa kona kwa nyuzi 45, inaunganishwa kwa moto, na utepe wa sumaku unapitishwa ndani yake. Ni kazi ya nusu siku. Ukimaliza, inua miguu ya mbele ya friji kidogo ili mlango ujifunge wenyewe bila kusukumwa.

Wa pili ni kondensa, ule wavu mweusi wa nyuma unaotoa joto nje. Ukishavaa vumbi na mafuta ya jikoni hauwezi kulitoa, na kompresa inalazimika kufanya kazi muda mrefu zaidi kwa ubaridi uleule. Chomoa plagi, ufagie kwa brashi laini, uisogeze friji sentimita 10 kutoka ukutani na mbali na jiko. Friji nyingi za siku hizi hazina wavu nyuma; mabomba yamefichwa ndani ya mbavu zake, ndiyo sababu mbavu zinakuwa za moto. Huo si ugonjwa. Lakini vile vitambaa vya kufuma tunavyovipenda, vinavyofunika juu na kushuka pande zote mbili, vinaiziba pumzi friji ya namna hiyo. Kitambaa kiishie juu.

Friji isiyowaka kabisa, au inayolia "tak" kila baada ya dakika chache, ndiyo inayohukumiwa kifo bila kesi. Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Chomoa plagi. Nyuma, chini, ubavuni mwa kompresa kuna kifuniko cha plastiki kilichoshikwa na kipini cha waya. Kifungue. Ndani kuna rilei, kifaa kinachoisaidia kompresa kuwaka, imechomekwa kwenye pini tatu, na kando yake ovalodi, kinga inayokata umeme mota ikizidiwa. Ichomoe rilei, uitikise karibu na sikio. Ile ya aina ya PTC ina kidonge cheusi ndani, ukubwa wa sarafu. Kikiwa kizima hakitoi sauti, kikipasuka kinalia kama njuga. Inuse. Harufu ya kuungua au masizi kwenye tundu la pini ni ushahidi tosha. Kwa testa, ile mita ya kupimia omu (ukinzani wa umeme) na volti, kidonge kizima kikiwa kimepoa husoma kati ya omu 10 na 40 hivi. Hiki ni kifaa kidogo kabisa kwenye friji nzima, na kinabadilishwa kwa mkono bila hata bisibisi.

Rilei ikishatoka, pini tatu za kompresa ziko wazi. Pima omu kati ya kila jozi. Utapata namba tatu, na ile kubwa lazima iwe jumla ya mbili ndogo, kwa mfano 12, 20 na 32. Jozi mojawapo isiposoma kabisa, waya wa mota umekatika. Kisha weka ncha moja ya testa kwenye pini na nyingine kwenye chuma cha kompresa ulipokwangua rangi: isisome chochote. Ikisoma, mota imegusa chuma, na hiyo kompresa imekufa kweli. Tena ni hatari kwa anayefungua mlango peku. Namba zikiwa sawa na chuma hakisomi, basi anayesema kompresa imekufa hajaipima.

Bado si mwisho. Kompresa yenye mota nzima inaweza kushindwa kuwaka kwa sababu ya umeme mdogo. Pima volti kwenye soketi wakati ule inapojaribu kuwaka. Zikishuka chini ya 190, tafuta kwenye waya za nyumba, ekstensheni nyembamba, au njia ya umeme ya mtaa. Themostati, swichi inayowasha na kuzima kompresa kwa kufuata ubaridi, nayo hupimwa kirahisi: plagi ikiwa imechomolewa, waya zake mbili za kwenda kompresa huunganishwa pamoja na kufungwa utepe, kisha friji inawashwa. Ikiwaka, themostati ndiyo mbovu. Kipimo hiki akifanye anayejua waya, na asiiache hivyo, kwa sababu haitazima tena.

Kwa nini rilei na mota huungua mno kwetu? Umeme ukikatika na kurudi ndani ya dakika moja, presha ya pande mbili za kompresa haijalingana na kidonge cha rilei bado ni cha moto. Kompresa inalazimishwa kuwaka ikiwa imebanwa, mota inavuta ampia mara kadhaa ya kawaida, ovalodi inakata, inapoa, inajaribu tena. Mchezo huo ukirudiwa jioni nzima ya umeme wa kukatikakatika, varnishi ya waya za mota inaiva na kumomonyoka. Kinga yake ni frijigadi inayochelewesha kuwasha kwa dakika 3 hadi 5 na kukata volti zikishuka au kuzidi. Asiye nayo achomoe plagi umeme unapokatika, na aichomeke dakika tano baada ya umeme kutulia.

Friji za invata, zile ambazo kompresa hubadili kasi badala ya kuwaka na kuzima tu, ni habari nyingine. Kompresa yake nayo ina pini tatu, lakini zote husoma omu sawasawa au karibu sana, na huendeshwa na saketi iliyo nyuma. Kinachokufa mara nyingi ni saketi. Fundi asiyejua akiipelekea kompresa hiyo umeme wa ukutani moja kwa moja "aijaribu", ataiua palepale. Kabla hujamruhusu mtu aifungue, muulize kama anaijua invata.

Friji isiyo na barafu, ile inayojiyeyusha yenyewe, ina ugonjwa wake unaofananishwa na upungufu wa gesi: juu panagandisha vizuri, chini pamekuwa vuguvugu. Ichomoe, acha milango wazi saa 24, weka matambara, kisha iwashe. Ikipoza vizuri siku kadhaa halafu ikarudia hali ileile, gesi haina kosa. Kilichokufa ni hita ya kuyeyusha, au sensa yake, au kidhibiti muda, na barafu imejaa nyuma ya paneli ikaziba njia ya feni. Hita nzima husoma omu mia mbili au tatu hivi. Iliyokatika haisomi kitu.

Sasa gesi, ambako fedha nyingi za watu hupotelea. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na friji isiyovuja hubaki na gesi ileile ya kiwandani mpaka siku inapokatwa chuma chakavu. Kwa hiyo fundi anayesema gesi imepungua ameshasema kwamba kuna tundu, na swali linalofuata ni moja tu: liko wapi? Anayeongeza gesi bila kulitafuta anakuuzia miezi mitatu ya ubaridi.

Dalili ya upungufu ni barafu inayoshika mwanzoni mwa evapureta tu, ile sehemu inayogandisha, huku kwingine kukiwa kukavu, na kompresa haipumziki. Tundu hutafutwa kwa doa la mafuta, maana gesi ikitoka huchukua mafuta ya kompresa nayo, na kwa povu la sabuni. Karibu na bahari, mabomba ya chuma ya kondensa hula kutu kwa chumvi, hasa pale chini karibu na trei ya maji ya kuyeyuka. Tundu la hapo linatibika. Lile la kisu kwenye evapureta ya alumini, mtu alipokuwa akibandua barafu au nyama, linatibika pia kama linaonekana, kwa gundi maalumu ya alumini au kwa kuchomelea. Tunawasihi wenye friji: barafu haibanduliwi kwa kisu. Sufuria ya maji ya moto iwekwe ndani, mlango ufungwe, dakika 20 zinatosha.

Kazi ya gesi iliyofanywa sawasawa ina hatua ambazo mwenye friji anaweza kuziona kwa macho yake. Gesi iliyobaki inatolewa. Tundu linazibwa. Filta inabadilishwa, kila mara bomba linapofunguliwa, bila kubishana. Nitrojeni inaingizwa mpaka presha ya kama paundi 150 kwa inchi ya mraba na kuachwa. Geji ikishuka, bado kuna tundu. Kisha pampu ya vakyumu inavuta hewa na unyevu si chini ya nusu saa, pampu inafungwa, geji inatazamwa tena. Mwisho gesi inaingizwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Aina ya gesi nayo imeandikwa hapo: friji ya nyumbani ya gesi ya R134a huwa na gramu 100 hadi 150 hivi. Ya R600a mara nyingi 30 hadi 70. Kwa kiasi kidogo namna hiyo, gramu 10 pungufu zinaonekana kwenye ubaridi, na gramu 10 za ziada zinaonekana kwenye LUKU. Asiye na mizani anabahatisha. Na asiyevuta vakyumu anaacha unyevu ndani, unaoganda kwenye mdomo wa kapilari, lile bomba jembamba linalopeleka gesi kwenye evapureta: friji inapoza, inaacha, ukiizima ikayeyuka inapoza tena, na wewe unarudishwa kwa fundi kila wiki.

R600a inahitaji neno lake. Ni isobutani, inawaka. Kompresa yake ina alama ya pembetatu ya njano yenye moto. Bomba la friji hiyo halikatwi kwa moto. Linakatwa kwa kikata bomba, nje au madirisha yakiwa wazi, gesi inatolewa, mabomba yanasafishwa kwa nitrojeni, ndipo moto wa kuchomelea usogee. Tena upande wake wa kunyonya hufanya kazi kwa presha iliyo chini ya ile ya hewa ya nje, kwa hiyo tundu la upande huo halitoi gesi friji inaponguruma. Linavuta hewa na unyevu ndani. Ndiyo maana povu halionyeshi kitu mpaka friji izimwe. Kuitia R134a kompresa ya R600a ni kuiua, kwani imetengenezwa kuvuta gesi nyepesi na mota yake itaelemewa. Kutia gesi ya mtungi wa kupikia, kama wanavyofanya wachache, ni kuweka jikoni kitu ambacho rilei na swichi zake hazikutengenezwa kukaa nacho.

Basi lini tuseme imetosha? Friji ya R12, gesi ya zamani, ikivuja, iachwe. Gesi hiyo ilibanwa na Itifaki ya Montreal ya 1987, na nchi zinazoendelea ziliacha kuizalisha na kuiagiza kufikia 1 Januari 2010. Mafuta ya kompresa yake hayachanganyiki na R134a, kwa hiyo kuibadilisha gesi si kazi ya kumimina tu.

Friji inayovuja ndani ya ukuta wake, ambako bomba limezamishwa kwenye povu la kuzuia joto, nayo iachwe, labda iwe na umri wa miaka minne mitano na fundi aweze kulitenga bomba hilo na kupitisha jingine nje. Kutoboa ukuta ovyo kutafuta tundu kunaingiza maji kwenye povu, na povu lililolowa halikauki tena. Hilo ndilo jambo tunaloliangalia kabla ya yote tunapoitiwa friji kuukuu: pitisha kiganja nje ya bodi, pande zote na mgongoni. Mahali pamoja pakiwa pa baridi na pametoka jasho kila siku, hata siku kavu, povu la hapo limekufa. Kompresa mpya kwenye bodi la namna hiyo ni fedha iliyopotea.

Kompresa iliyoungua ndiyo ngumu kuamua. Fundi akiitoa, mwambie akuonyeshe mafuta yake. Mafuta meupe au ya njano nyepesi ni dalili njema. Meusi yenye harufu kali ya kuwasha pua yana asidi, na asidi hiyo imeenea mabomba yote. Bila kusafisha mfumo mzima, kompresa ya pili itafuata ya kwanza. Kompresa mpya lazima iwe ya gesi ileile, ya nguvu ileile, 1/6 au 1/5 ya farasi kama ilivyokuwa, na iwe ya kugandisha. Kubwa zaidi haipozi zaidi. Inakula umeme na kurudisha majimaji ya gesi kwenye kompresa. Ya mtumba hatuishauri ila kama ina historia inayojulikana. Kwa friji iliyo chini ya miaka 8 yenye bodi zuri, kompresa mpya inafaa kama jumla ya kazi, gesi na filta haifiki nusu ya bei ya friji mpya. Kati ya 8 na 15 tunatengeneza raba, rilei, themostati, feni na hita bila kusita, lakini kompresa tunafikiri mara mbili. Ikipita 15, vitu vidogo peke yake.

Anayeamua kununua asome kibandiko kilicho ndani ya friji, si karatasi ya dukani. Kuna herufi za daraja la hali ya hewa. SN na N zimetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32 za Selsiasi, ST 38, T 43. Friji nyingi za mtumba za Ulaya ni SN au N, na jiko la Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari hupita 32. Itanguruma mchana kutwa, haina ubovu wowote, ila imehamishwa kutoka nchi yake. Aliye Pwani atafute T. Atazame volti pia: za Japani ni za volti 100 na za Marekani 115, na transfoma yake ni gharama nyingine na hasara nyingine ya umeme. Ile dhamana ya "kompresa miaka 10" mara nyingi ni ya kompresa peke yake; gesi, filta na ufundi unalipa mwenyewe, kwa hiyo uliza kabla hujatoa fedha. Na uliza kama raba ya mlango ya modeli hiyo inauzwa peke yake. Duka lisilo na raba linakuuzia friji ya miaka michache.

Ile unayoiacha usiikate mabomba uani. Tani moja ya R134a ikitoka hewani ina nguvu ya kutia joto dunia kama tani 1,430 za kabonidayoksaidi. Mpe fundi anayetoa gesi kwa mashine. Atapata humo raba, themostati, feni na rafu za kuokoa friji nyingine. Na kama itakaa nje hata usiku mmoja, ng'oa milango kwanza, kwa sababu mtoto akijifungia ndani hasikiki.

Kwa mafundi wenzetu, na kwa wanafunzi wa majokofu na viyoyozi kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, tunaomba tuanze desturi moja. Kila friji tunayoifungua tuibandike nyuma karatasi yenye tarehe, aina ya gesi, gramu tulizotia, tulipolikuta tundu, na namba tatu za omu za kompresa. Kifaa kilichotolewa tumrudishie mwenye friji mkononi. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu ataanzia pale tulipoishia, na mwenye friji atajua alilipia nini.

Mafundi wa friji na viyoyozi,
Dar es Salaam